Miss, Ms, Master au Ndugu? Historia ya kisanduku cha kwanza kwenye fomu

Najua nimekuwa kimya. Mama mdogo ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama ninaumwa. Siumwi, mama, niko salama. Tulikuwa tunahama nyumba, na ukihama huku Uingereza utajaza fomu mpaka vidole viote sugu. Bado tuko hapa hapa Leicester, ila mtaa mwingine, kwa hiyo ilibidi familia nzima tujiandikishe kwa daktari mpya. Kisa cha leo kilianzia hapo.

Huku fomu haianzi na jina. Kabla hujaulizwa unaitwa nani, unaulizwa uitweje kwa heshima. Unakuta Mr, Mrs, Miss na Ms vimepangwa mstari mmoja, na fomu nyingine huongeza Master kwa watoto wa kiume. Unazungushia duara kimoja, halafu ndipo unaendelea na jina. Yangu niliizungushia bila kufikiri, mkono umeshazoea. Ya binti yangu, aliyetimiza miaka 16 juzijuzi, nikaweka Miss. Nilipofika kwa mdogo wake wa miaka 13 nikasita. Huyu sasa ni Master au ni Mr? Sauti imeshaanza kukwaruza, lakini viatu vyake bado namtafutia mimi asubuhi.

Binti alikuwa anachungulia begani kwangu. Akasema, "Mama, mimi niwekee Ms."

Nikamwambia Ms ni ya wanawake walioachika. Ndivyo nilivyoambiwa na dada mmoja nilipofika huku miaka ile, na mimi nikameza bila kutafuna. Binti akanitazama, akaniuliza swali moja tu: "Mbona yeye haulizwi kama ameoa?" Akamwonyesha mdogo wake kwa kidevu.

Jamani, sikuwa na jibu. Nikaiweka kalamu chini. Kwa majuma mawili fomu zile zilikaa juu ya friji, na mimi nikawa napita maktaba nikitoka kazini, nasoma. Nimegundua kwamba kale kakisanduku kana historia ndefu, na sehemu yake inapita kwetu kabisa, kwenye mashamba ya mkonge. Basi vuteni viti.

Tuanze na wanaume. Mr ni kifupi cha Master, na Master limetoka kwenye neno la Kilatini magister, yaani mkuu au mwalimu. Zamani si kila mwanaume wa Kiingereza aliitwa hivyo. Ilikuwa heshima ya wenye nafasi. Mkulima wa kawaida aliitwa Goodman, na mkewe Goodwife. Mfano mzuri ni William Shakespeare, ambaye baba yake alikuwa mtengenezaji wa glavu. Mwaka 1596 familia yao ilipewa nembo rasmi ya ukoo, na tangu hapo wakahesabiwa kuwa waungwana. Tamthilia zake zilipokusanywa katika kitabu kimoja kikubwa mwaka 1623, miaka saba baada ya kufa kwake, ukurasa wa mbele ulimtaja kwa kuanza na Mr. Siku hizi herufi hizo mbili zinabandikwa hata kwenye bili ya maji, lakini wakati ule zilikuwa zinatafutwa kwa jasho.

Miaka ikaenda, Master likitamkwa harakaharaka likawa Mister. Mister likachukuliwa na watu wazima, na Master likabaki kwa watoto wa kiume wa familia zenye hadhi. Kufika karne ya 19 mgawanyo ulikuwa umetulia: baba ni Mr, mtoto ni Master. Sasa Master anageuka Mr lini? Hapo vitabu vya adabu vinagombana. Kimoja kitakuambia miaka 12 au 13, kingine 16, kingine 18. Sheria nayo haisaidii. Umri wa utu uzima hapa ulikuwa 21 mpaka uliposhushwa kuwa 18 kuanzia tarehe 1 Januari 1970, lakini hesabu hiyo ni ya mikataba na mambo ya mahakama. Haimwambii mama aliyeshika kalamu azungushie nini kwa mtoto wa miaka 13.

Kwa vyovyote vile, angalieni jambo moja. Njia ya mvulana ni fupi: anakua, basi. Siku ikifika anakuwa Mr mpaka kaburini, aoe asioe.

Njia ya msichana ilikwenda kwingine, na hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Mrs ni kifupi cha Mistress, mwenzake Master. Mistress alikuwa mwanamke anayeongoza: nyumba, duka, wafanyakazi au wanafunzi. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Amy Erickson, alichapisha utafiti mwaka 2014 akionyesha kwamba kwa karne kadhaa Mrs halikuwa na maana ya mke wa mtu. Lilikuwa neno la hadhi, na mwanamke asiyeolewa aliweza kuitwa hivyo vizuri tu. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake maarufu mwaka 1755, aliorodhesha maana kadhaa za mistress: mwanamke mwenye mamlaka, mwanamke mjuzi wa jambo, mwalimu wa kike, mpenzi, na nyingine za matusi. Mwanamke aliyeolewa hakumweka. Katika majumba makubwa msimamizi wa nyumba na mpishi mkuu waliitwa Mrs hata kama hawajawahi kuvaa pete.

Na Miss? Nalo ni kipande cha Mistress, kilichokatwa kwa ajili ya wasichana wadogo. Katika karne ya 17 kumwita mwanamke mzima Miss kungeweza kuleta ugomvi, maana neno hilo lilitumika pia kwa hawara. Ilikuwa katikati ya karne ya 18 ndipo wanawake wazima wa tabaka la juu wasioolewa walipoanza kujiita Miss, na kama ilivyo kawaida ya mambo ya wakubwa, wengine wakaiga. Miss lilipopanda juu, Mrs likasukumwa pembeni, likaishia kuwa la wake za watu. Baadaye hata jina la kwanza la mke likamezwa. Katika riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1811, Sense and Sensibility, yumo bibi anayeitwa Mrs John Dashwood. John ni jina la mumewe!

Hata ndani ya Miss kulikuwa na ngazi. Binti mkubwa asiyeolewa aliitwa Miss na jina la ukoo peke yake. Wadogo zake iliwabidi waongezewe jina la kwanza. Dada mkubwa akiolewa, anayemfuata anapanda cheo. Fikirieni wadogo zangu wale watatu wakipiga hesabu hiyo siku ya harusi yangu!

Kwa nini kuolewa kulikuwa na uzito namna hiyo kwenye karatasi? Mali. Kwa sheria ya zamani ya Uingereza, mwanamke akiolewa, mali yake na mshahara wake viliingia mikononi mwa mume. Sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa mke haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe. Kwa hiyo mwenye duka au benki aliyemuuliza mwanamke kama ni Miss au Mrs alikuwa anataka kujua deni atalidai kwa nani. Sheria ilibadilika, swali likabaki. Binti yangu wa miaka 16, ambaye mali yake ni simu na gitaa, anaulizwa hadi leo swali la wadai wa karne nyingine.

Ndiyo maana ikatokea Ms. Nami nikaomba radhi kwa binti, kwa sababu haina uhusiano wowote na kuachika. Mwaka 1901 gazeti moja la Springfield, Massachusetts, lilipendekeza neno hilo kama dawa ya aibu ndogo ambayo kila mtu anaijua: unamwandikia mwanamke barua na hujui kama ameolewa. Pendekezo lilififia. Mwaka 1961 mwanaharakati Sheila Michaels wa New York aliliona kwenye anwani ya jarida alilotumiwa mwenzake wa chumba, akadhani ni kosa la uchapaji, kisha akalipenda. Alitaka neno kwa mwanamke ambaye si mali ya baba wala ya mume. Miaka kumi baadaye Gloria Steinem na wenzake wakalifanya jina la jarida lao, Ms. Mwaka 1972 idara ya uchapaji ya serikali ya Marekani ikakubali litumike kwenye maandishi ya serikali. Gazeti la New York Times likajikaza mpaka mwaka 1986.

Wengine hawakuunda neno jipya, walifuta la zamani. Ujerumani Magharibi iliondoa Fräulein kwenye lugha ya ofisi za serikali mwaka 1972. Ufaransa iliagiza Mademoiselle iondoke kwenye fomu za serikali mwaka 2012. Tangu hapo msichana na bibi yake wako kwenye kisanduku kimoja.

Mpaka hapo mtasema, haya ni mambo ya wazungu na anasa zao. Hata mimi nilianza kufikiri hivyo, mpaka nilipokutana na Mary Hamilton.

Mary Hamilton alikuwa Mmarekani mweusi, mpigania haki za raia. Mwaka 1963 alisimama kutoa ushahidi katika mahakama ya Gadsden, Alabama. Wakati ule Kusini mwa Marekani shahidi mzungu aliitwa Mr, Mrs au Miss. Shahidi mweusi aliitwa kwa jina la kwanza tu, hata awe mzee wa mvi. Mwendesha mashtaka akamwita Mary. Akakataa kujibu mpaka aitwe Miss Hamilton. Hakimu akamhukumu kwa kuidharau mahakama: siku tano jela na faini ya dola 50. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1964 hukumu ile ikatenguliwa. Neno lile lile Miss, ambalo binti yangu analikataa leo, mwanamke mwingine alilala jela ili alipate. Nilipomsimulia binti, alinyamaza muda mrefu. Nadhani alielewa kwamba kilichopiganiwa ni kile kile, kuitwa kama mtu kamili.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu, na nikajua kwa nini mkono wangu ulisita kwenye Master.

Wengi wenu mlimjua babu mzaa baba. Kabla ya Uhuru alifanya kazi nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Kazi yake iliitwa boi. Alikuwa na mke na watoto wanne, na alikuwa boi. Mtoto wa meneja alikuwa na miaka tisa au kumi, na babu alitakiwa kumwita bwana mdogo. Hiyo ndiyo Master kwa Kiswahili cha jikoni. Babu alikuwa akitusimulia huku anacheka, lakini akifika kwenye swali lake hachekii tena: "Yeye aliniita boi, mimi nikamwita bwana. Sasa kati yetu mwenye ndevu alikuwa nani?"

Jirani zetu wa Kenya walilionja hilo kwa sheria. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole na habari za waajiri wake, ikitiwa kwenye kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Oneni hesabu hiyo. Akifika miaka 16 kijana Mwafrika alikuwa mtu mzima wa kubeba kipande na kufanya kazi, lakini akifika miaka 50 alikuwa bado boi. Kijana wa kizungu yeye alikuwa bwana tangu akiwa na meno ya utoto. Umri ulihesabiwa pale tu ulipomfaa mwenye kuhesabu.

Nisiwaache na uchungu tu, kwa sababu katika kusoma huku nilipata pia la kujivunia. Sisi watu wa pwani, lile swali la Ms tulilimaliza zamani. Bi halimuulizi mwanamke kama ana mume. Bi Fulani anaweza kuwa mwari, mke, mjane au mtalaka, na anabaki Bi. Tena mwanamke wa pwani akiolewa haliachi jina la baba yake. Mwimbaji mkuu wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1950, mpaka anaingia kaburini alikuwa Siti binti Saad. Na mnajua jina alilopewa alipozaliwa? Mtumwa. Siti ni neno la heshima, bibi mwenye hadhi, alilopewa baadaye. Mtu aliyetoka Mtumwa hadi Siti hahitaji kuelezwa uzito wa neno linalotangulia jina.

Halafu tulikuwa na Ndugu. Ninyi wa rika langu mnakumbuka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo lilienea kila mahali: rais ni Ndugu, mfagizi ni Ndugu, na barua ya shule ikija nyumbani inaanza na Ndugu Mzazi. Halikuuliza ndoa wala umri wala jinsia. Nilipokuwa na miaka 15 nilipata barua ya kwanza maishani mwangu kutoka ofisi ya serikali, kuhusu nafasi ya shule. Bahasha iliandikwa Ndugu, kisha jina langu kamili. Marehemu baba aliisoma kwa sauti mara mbili, halafu akanikabidhi kwa mikono miwili kama anamkabidhi mgeni. Mambo yaligeuka miaka ya 1990, Mheshimiwa akarudi bungeni na mabwana wakarudi maofisini. Siwalaumu, lakini sijasahau bahasha ile. Niliingia nayo chumbani mtoto, nikatoka nikiwa raia.

Sasa mtauliza, hatimaye nilijaza nini? Kwanza niwaambie utaratibu wa huku, kwa sababu wengine mna watoto wanaokuja masomoni. Hapa Uingereza hakuna sheria inayompangia mtu wa kawaida Mr, Miss, Mrs au Ms. Ni desturi. Msichana wa miaka 14 akitaka Ms ni halali yake, na mvulana wa miaka 15 akiitwa Mr hajavunja sheria. Siku hizi fomu nyingi zina pia Mx, kwa asiyetaka neno linalotaja jinsia, na kamusi ya Oxford ya mtandaoni ililiingiza mwaka 2015. Ukiona kisanduku kimewekewa neno "si lazima", unaweza kukiacha. Ninachoshauri ni kwamba kijana akishafika umri wa kusoma fomu mwenyewe, aulizwe. Karatasi ni yake, na ndiye atakayeitwa kwa sauti mbele ya watu kwenye chumba cha kusubiri.

Nilimuuliza mvulana. Akasema Master ni mtu wa kwenye sinema za karate, na Mr ni mwalimu wake wa hesabu, kwa hiyo yeye si mmoja kati ya hao. Nikamwachia kisanduku kitupu. Nilikuwa na sababu yangu ambayo sikumwambia siku ile, nikamwambia Jumapili yake, tukiosha vyombo: habari ya babu na bwana mdogo. Akauliza, "Babu alikuwa na ndevu kweli?" Nikamwambia alikuwa nazo, ndefu, na zilikuwa nyeupe nilipozijua mimi.

Binti nilimkabidhi kalamu. Akaikata duara yangu ya Miss kwa mstari mmoja, akazungushia Ms, akaweka sahihi yake pembeni ya sahihisho kama karani wa zamani. Mpokezi wa zahanati alizipokea fomu zetu zote nne bila kusema neno.

Wiki iliyopita ikaja barua ya kwanza ya binti kutoka kwa daktari. Mkono wangu ulikuwa unaelekea kuifungua, kwa mazoea. Nikaona jina lililokuwa juu ya bahasha, nikaacha. Nilimpelekea chumbani kwake, nikabisha hodi, nikampa kwa mikono miwili.

Wasalimieni wote. Shangazi, wewe wa Pangani, nataka kujua: bahasha yako ya kwanza iliandikwaje?